Jioni Seleko Aliposimama Juu ya Dawati

Seleko hakuwa na cheti, hakuwa na viatu vya maana, hakuwa na mjomba serikalini, wala sauti nzuri. Tulisoma dawati moja katika darasa la jioni la makuli wa bandari. Nilimwona akipanda juu ya dawati hilo akatushawishi tugome. Wapo wanaomlaani hadi leo kwa aliyoyafanya madarakani; mimi sijaona tena ujasiri kama ule.

Sasa wanatengeneza filamu yake, nao wameiomba kumbukumbu yangu ya jioni ile. Filamu za viongozi hutengenezwa kwa kumbukumbu za walioshuhudia, na kumbukumbu ikishachukuliwa, mwenyewe habaki nayo.

"Jioni hiyohiyo ndiyo uliyonitongoza, baba Nuru," mke wangu alisema. "Umesahau?"

"Bado."

"Bado! Basi kaolewe na Seleko wako."

"Utanisimulia."

"Nitasimulia nipendavyo. Utasikia ulinipigia magoti, ukalia."

Tulicheka, kisha yeye akasogea dirishani.

Vijana wanastahili kumwona Seleko juu ya lile dawati. Nilitia sahihi barua ya ridhaa, nikafunga bahasha kwa gundi, nikaitumbukiza katika sanduku la posta mbele ya nyumba. Mama Nuru alinitazama kutoka dirishani, na bado nilijua kwa nini.