Kadi ya Saa Mbili Usiku

Mzee Suti alisimama mbele ya ubao wa ratiba, na mpangaji wa vipindi, mama aliyeketi nyuma yake, akajua leo hapana pa kujificha.

Watazamaji walikuwa wakihamia kituo cha jirani kama maji yanayofuata mteremko. Kila mfanyakazi alijua tundu liko wapi: saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha televisheni, kwenye kipindi cha mahojiano cha Mzee Suti mwenyewe, mwanzilishi wa kituo. Nani angemfunga paka kengele?

"Mama, niambie ukweli," mzee alisema bila kugeuka. "Ni mimi, eh?"

Mpangaji alijibu, "Ni wewe, mzee."

Mzee akaingiza ukucha chini ya kadi ya kipindi chake, pale saa mbili usiku. Gundi ilishaganda kwa miaka, akaibandua taratibu kama anayetoa plasta kwenye goti la mtoto. Pale ilipotoka, ubao ulikuwa mweupe pe.

"Hapa waweke wale mabinti wachekeshaji wa Jumapili. Mimi nipe saa tisa alasiri."

"Saa tisa hakuna mtu, mzee wangu. Labda wagonjwa wodini, na wazee walioachwa peke yao nyumbani."

Mzee aliibandika kadi kwenye saa tisa, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Mpangaji alijikuta amesimama.

"Basi mwambie fundi wa taa asinipunguzie hata moja," mzee alisema, akiweka tai yake sawa. "Hao ndio watu wa kuvaliwa suti."