Herufi Tano

Bwana shamba alitumbukiza mkono kwenye ndoo ya Mama Majani, akaunusa ule udongo mweusi, akabaki kinywa wazi. Darasa la wakulima likasogea kuona. Miaka saba walimcheka mama huyu, wakampachika na jina hilo, eti anaozesha majani badala ya kuyachoma.

"Mama, huu mnauitaje? Kitabu changu kina jina la kigeni tu."

"Mboji," alijibu, kifua mbele. "Ndiyo inayoshika maji, mwanangu."

Bwana shamba akaliandika neno ubaoni. Waliomcheka wakainama kulinakili.

Mama Majani, ambaye kusoma hakujui, akamgusa binti yake.

"Lina herufi ngapi?"

"Tano, mama."

Akazihesabu kwa kidole kutoka pale alipoketi, moja moja. Kisha akaanza upya.