Mshale Uliogoma

Asubuhi, kipimo cha kale cha valvu, zile taa za kioo za ndani ya redio za zamani, kilionyesha kwamba zote zimekufa. Fundi akamwambia kaka yake atupe boksi zima la valvu za redio ya marehemu baba yao, valvu ambazo hazitengenezwi tena.

Moja ilisahaulika mezani. Roho haikumtulia fundi, akaifungua mita ya kile kipimo. Unywele mmoja wa mvi ulikuwa umejizungusha kwenye mhimili wa mshale, ukauzuia kusogea.

Akauvuta taratibu kwa kibano. Akaichomeka ile valvu.

Mshale ukapanda hadi kwenye kijani, alama ya valvu nzima.

“Kaka! Boksi liko wapi?”

“Si ulisema zimekufa, dada? Nimewapa wazoa taka.”

Nje, lori likanguruma.

Fundi alikuwa ameshavuka kizingiti, pekupeku, kibano bado mkononi.