Mstari wa Chuma

Msimamizi wa mtihani aliweka vipande viwili vya chuma mezani, naye Mukhwana akaona vinne.

Jana yake alikuwa amejizoeza kuchomelea vyuma mchana kutwa bila kinyago cha kukinga macho, maana karakana ile ya Kakamega ilikuwa na kimoja tu na wanafunzi walikuwa wengi. Sasa macho yalimwasha kana kwamba yamejaa mchanga, na machozi yalimtiririka hadi shingoni.

"Mbona unalia?" msimamizi akauliza.

"Ni moshi tu, mzee."

"Moshi gani, na hatujawasha kitu? Enda nyumbani, urudi mwaka ujao."

Mwaka ujao! Tangu Uhuru waliambiwa kwamba kazi za mshahara mzuri zitakuwa za wenye ufundi. Mukhwana aliacha kibarua cha kuchimba mitaro ili ajifunze, na nyumbani watoto walikuwa wakilala na mboga tupu, bila obusuma, yaani ugali.

"Naona vizuri," akasema. "Niache nifanye, mzee. Tafadhali."

Msimamizi akamtazama, kisha akampa kinyago.

Mukhwana akawasha mtambo wa kuchomelea. Nyuma ya kioo cheusi hakuuona mstari wa kuunganishia. Aliona weupe mtupu, na chuma kilikuwa kimeshapata moto.

Akavua glavu ya mkono wa kushoto. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya chuma, akiutafuta mstari kwa kugusa. Ngozi ikaungua, harufu yake ikapanda.

"Wewe! Mkono!" msimamizi akapiga kelele.

Lakini Mukhwana alikuwa ameupata mstari, na hakukiondoa kidole; akaendelea kuchomelea akikifuata.