Kicheko cha Mama

Kati ya picha ishirini nilizotuma kwa wakala wa kuuza picha, kumi na tisa zilirudishwa. Nyingine zilikuwa na ukungu, nyingine zimepinda. Ilipokelewa moja tu, ya mama yangu akicheka huku anapepeta mchele. Fomu iliuliza kama aliyemo pichani ameridhia. Nikajaza ndiyo. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka nilipoketi.

Ikanunuliwa wiki hiyohiyo. Kwa sheria yetu, picha ya kicheko ikishanunuliwa, kicheko chenyewe ni mali ya mnunuzi. Sasa Mama akitaka kucheka vile, bangili yake ya utambulisho inalia, naye huziba mdomo kwa pindo la khanga.

Jana shangazi Mwanahawa alikuja kumtania, kama ilivyo kawaida yao.

"Wifi, huo mchele unaupepeta au unaufukuza?"

Mama akafungua mdomo. Bangili ikalia. Akainamia ungo mpaka iliponyamaza.

"Wifi yangu siku hizi umenuna," shangazi akasema.

"Sijanuna, wifi. Kuna mtu kauza kicheko changu." Kisha akanigeukia. "Mwajabu, wewe unayejua mambo ya picha, hebu niulizie ni nani."

Nikamwambia nitauliza.

"Ahsante, mwanangu."

Wali ulipoiva akanikwangulia ukoko, kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Nikaula wote huku ananitazama.