Vichipukizi vya Mstari wa Nje

Kwa miaka tisa Shemsa alikuwa ameilea aina yake mpya ya miwa, na asubuhi hiyo ingekubaliwa au ingeng'olewa. Vichipukizi vya ubavuni hunyonya sukari ya mua. Vikizidi kumi katika miwa mia, aina hiyo hukataliwa. Kanuni ilimtaka mtafiti asimame njiani, asiseme neno, mpaka mkaguzi amalize kuhesabu.

Mkaguzi, Bwana Kihedu, alifunga uzi mwekundu kwenye kila kichipukizi. Alipofika mua wa sitini, nyuzi zilikuwa kumi na nne. Shemsa aliuma midomo.

"Bwana Kihedu!" aliita Mama Nasimba, mpaliliaji wa shamba hilo, akicheka. "Unahesabu ukuta ukidhani ndiyo nyumba! Huo ni mstari wa nje. Unapigwa jua ubavu mzima, utakosaje kuchipua?"

Kihedu aliitazama ramani yake, akaigeuza juu chini, akakohoa.

"Ningegundua mwenyewe, mama."

"Ungegundua kesho, baba, miwa imeshang'olewa!"

Alianza upya katika mstari wa kati, polepole, akihesabu kwa sauti. Alipoutaja mua wa mia, alikuwa amefunga nyuzi tatu tu.

Shemsa alivunja mua mmoja, akaumenya kwa meno na kuutafuna, maji yake yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kipande kilichobaki alimnyooshea mkaguzi, ambaye alisimama na kalamu mkono huu na ramani mkono ule, asijue aweke kipi chini kwanza.