Mkia Unaoyumba

Helikopta ilifika ukingoni mwa korongo, ikainamisha pua ianze kushuka, mara mkia ukaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango.

"Irudishe!" Mwalimu alipiga kelele. "Irudishe, mwanangu, itaanguka!"

Fundi aliirudisha. Kile kidude, kisichozidi urefu wa mkono wake, kilitua majanini, pangaboi likapunguza mwendo likasimama. Mwalimu aliinamia kiskrini alichokishika kwa mikono miwili. Kamera ilikuwa imeonyesha mwamba, kichaka, mwamba tena. Chini ya jabali, mahali ambapo waokoaji hawakuweza kufika kwa kamba, haikuonyesha kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya saba.

Binti wa Mwalimu, mpima ardhi, alikuja huku miezi mitatu nyuma na vyombo vyake vya kupimia mgongoni, hakurudi. Walimtafuta siku nne, wakakunja kamba zao, wakasema pole. Alichoacha nyumbani ni kitanda kilichotandikwa na helikopta hii aliyokuwa akiirusha siku za mapumziko. Mwalimu, mstaafu ambaye hata balbu ya sebuleni hubadilishiwa na mkewe, aliibeba ndani ya boksi la viatu hadi kibandani kwa Fundi. Fundi huyu wa kike ndiye aliyetengeneza redio na pasi za mtaa mzima, na ndiye aliyekuwa akimrekebishia binti kidude chake kila kilipoanguka.

"Wewe ulikuwa rafiki yake," Mwalimu alimwambia siku hiyo. "Ifanye ishuke mpaka pale chini. Sitaki kingine."

Fundi alipoifungua, ugonjwa ulionekana wazi. Servo zake, vile vimota vinne vinavyopindua pangaboi na mkia rimoti inapoamuru, zilikuwa na gia za plastiki, na meno yameisha kama ya bibi kizee. Mwalimu akaagiza za gia za chuma. Fundi akazifunga. Jumamosi ilipofika, mkia ukayumba. Mwalimu akaagiza nyingine, zenye kasi zaidi. Mkia ukayumba. Leo walikuja na servo ya mkia nyeusi, nzito, ya aina ambayo Fundi mwenyewe hakuwahi kuishika tangu aanze kazi. Nayo ikayumba vilevile.

"Ni upepo?" Mwalimu aliuliza.

"Labda upepo. Sijui, baba."

"Hujui?" Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama anayemngoja mwanafunzi hodari akumbuke jibu.

Wakaketi juu ya jiwe. Mwalimu akafungua chupa ya chai, akammiminia yeye kwanza.

"Umekonda, mwanangu."

"Ni joto tu."

"Mama yake hunisubiri mlangoni kila Jumamosi. 'Mmeona?' Nikisema hatujaona, ananishukuru. Siku hiyo anakula." Alikaza kifuniko cha chupa. "Kwake yeye, kama hayupo kule chini, basi yuko mahali. Amelazwa hospitali fulani, kasahau jina lake. Siku nikirudi na jibu jingine, nitachimba makaburi mawili."

Maneno hayo ya makaburi aliyasema pia siku ya kwanza, boksi la viatu likiwa bado kwapani. Lakini leo Fundi aliuliza:

"Na wewe mwenyewe, baba?"

"Mimi nataka kujua." Mwalimu aliutazama ukingo wa korongo kitambo. "Nafikiri nataka kujua."

Upande wa pili wa bonde mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi, yametuna. Wote wawili waliyaona. Mvua za masika zikianza, mto wa korongoni ungepanda hadi juu ya jabali, na baada ya hapo kusingekuwa na cha kutafuta.

"Tuirushe mara moja tena," Mwalimu alisema. "Mara moja tu, halafu sitakusumbua."

Fundi akabadilisha betri. Akachukua bisibisi, akainamia mkia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Jasho lilimdondoka puani. Mwisho akanyanyuka.

Safari hii helikopta ilishuka vizuri. Ilipita kichaka, ikapita ufa, ikafika chini kuliko Jumamosi zote. Kwenye kiskrini ukaingia ukingo wa jabali, na nyuma yake kivuli.

"Hapo," Mwalimu alinong'ona. "Hapo hapo. Ingiza kidogo..."

Mkia ulichapa kulia, ukachapa kushoto. Pangaboi likagonga mwamba. Kiskrini kikaonyesha anga, maji, anga, kisha kikawa cheusi.

Hawakusikia hata kishindo.

Mwalimu aliendelea kukishika kile kiskrini cheusi kana kwamba kingebadili mawazo. Kisha akakiweka chini taratibu, akamshika Fundi bega.

"Basi. Umefanya ulichoweza, mwanangu. Zaidi ya ulichoweza."

Fundi alikiokota kile kiskrini, wakashika njia. Matone ya kwanza yaliwakuta njiani, makubwa, ya kuchapa. Fundi alimsindikiza Mwalimu hadi nyumbani kwake. Mama wa binti alikuwa amesimama mlangoni na khanga imelowa mabegani.

"Mmeona?"

"Hatujaona," Mwalimu alisema. "Na hatutarudi tena."

Fundi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akakifunga kwa ndani, ndipo akalia. Servo zile hazikuwa na kosa lolote. Ni yeye aliyekuwa akilegeza skrubu ya mkia kila Jumamosi, tangu ile Jumatano alipokwenda korongoni peke yake kujaribu zile za kwanza za chuma, na helikopta ikashuka imetulia tuli mpaka chini ya jabali, ikamwonyesha rafiki yake.